UZI: Kamera ya rivasi ya kiwandani kwenye Toyota Wish, niirudishe au niweke AHD (hizi kamera mpya za picha kali ya HD)? Mafundi umeme njooni hapa

Dereva wa Mbagala

Wakuu habari za jioni. Stori ndefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka mwisho kwenye swali.

Nina Wish ya 2010, ile new model, nimeivuta Japani mwaka juzi. Ilikuja na redio yake ya Kijapani na kamera ya kiwandani pale juu ya plate namba. Redio za Japani mnazijua, ukiwasha inadai kadi ya ramani, maandishi yote ya kwao, na FM inaanzia 76 inaishia 90 kwa hiyo kwa hapa Dar unabaki na stesheni mbili tatu na kelele. Lakini ukipiga rivasi, aisee, picha ilikuwa safi, hata usiku unaona jiwe lilipo.

Nikaona niingie kwenye android kama watu. Nikaenda kwa fundi mmoja Gerezani, nikanunua redio ya inchi 9, tukakubaliana bei ya kufunga. Nikamwambia kamera usiiguse iunganishe hiyo hiyo. Akajaribu jaribu kidogo, akaniambia "bosi hii kamera ya Kijapani haisomani na android, hizi zinaenda na redio yake tu, nikuwekee mpya elfu 40". Mimi nina jua la saa nane kichwani, nimesimama kwenye foleni ya watu wa spika, nikasema weka. Akakata waya wa ile ya zamani akaiacha pale pale imening'inia kama pambo, ya kwake akaitoboa pembeni ya taa ya namba.

Mwezi wa kwanza sio mbaya. Baada ya hapo mvua za Aprili zikaingia ndani ya lenzi, asubuhi inaonyesha ukungu kama kioo cha daladala kimejaa watu. Usiku ndio usiseme, chenga chenga tupu, ile TV ya chogo antena ikidondoka. Juzi nimegonga ndoo ya jirani ya maji. Ilikuwa nyeupe, imejaa, na kamera ilikuwa inawaka.

Swali langu: niende kwenye hizi kamera za AHD ambazo watu wanazisifia, au ile ya kiwandani kuna namna ya kuifufua? Na ni kweli haisomani na android au nilipigwa?

Konda Mstaafu

Mkuu sisi tumerudisha Isuzu Journey stendi ya Ubungo kwa kugongewa bodi tu. Twende twende twende, kata kulia, nyoosha, njoo njoo, HAPO HAPO. Kamera ya nini wakati una shingo na madirisha manne.

kijana_wa_temeke

^^ na ndio maana bampa zote za Journey zilikuwa zimeliwa nyuma 😂

Nafuatilia uzi, nina Premio ina tatizo hilo hilo.

Fundi Waya

Dereva wa Mbagala, ulipigwa, ila inawezekana fundi mwenyewe hakujua, wengi hawajui.

Sikiliza. Kamera za kiwandani za Toyota nyingi za Japani haziendeshwi na volti 12. Zinalishwa na redio, na redio inatoa kama volti 6. Plagi yake ina waya nne, umeme na arthi yake, picha na arthi yake. Picha yenyewe ni ile ile ya kawaida ya waya wa njano, mfumo wa NTSC wanaotumia Japani, ambayo redio yoyote ya android inaisoma bila shida. Kwa hiyo hakuna cha kusomana wala kutosomana. Kinachotokea ni hiki: fundi anachukua umeme wa taa ya rivasi, volti 12, injini ikiwa inawaka inafika 14, anauchomeka kwenye kamera ya volti 6. Picha inatokea sekunde kadhaa au haitokei kabisa, kinanuka kitu, anasema hii ya Kijapani haisomani. Kumbe ndio ameizika.

Kama kwako alipitisha 12 muda mrefu basi imeshakufa, usipoteze hela. Kama alichomeka akatoa kuna bahati unaweza ukaikuta hai. Nimezikuta za hivyo mara kadhaa.

Maswali yangu kwako: redio ya zamani bado unayo? Na plagi ya kamera aliikatia wapi, huku mbele kwenye dashibodi au kule nyuma?

Nairobi Mashinani

Hapa Nairobi story ni hiyo hiyo bana, nilienda Kirinyaga Road na Fielder yangu nikaambiwa camera ya factory ni "ya Japan pekee". Ya mine ilichomwa. Nimelia.

Lakini wacha niongeze kitu, wenye Nissan mchunge sana. Sister yangu ana Note, ile picha ya nyuma inatokea kwa kioo cha ndani, si kwa redio. Hiyo ukibadilisha redio hakuna kitu inaharibika, kamera inaendelea kwa kioo chake. Mafundi wanamshawishi aondoe ati aweke ya android, ya nini na iko sawa? Halafu kuna zile Nissan za kamera nne za kuonyesha gari kutoka juu, Nissan walianza nazo 2007 kwa Elgrand. Hiyo ikiwa inapita kwa redio na utoe redio bila kujua unafanya nini, umepoteza kamera nne siku moja.

Dereva wa Mbagala

Fundi Waya, redio ipo juu ya kabati imefungwa kwenye nailoni, mke wangu kila siku ananiambia niuze. Plagi alikatia huku mbele, kipande cha kama vidole vinne kimebaki kimechomekwa kwenye redio ya zamani na rangi za waya zinaonekana. Nyuma kwenye kamera hajagusa kitu.

Fundi Waya

Safi sana, basi una ramani yote mkononi. Usiende kwa rangi za mtandaoni, rangi zinabadilika gari na gari. Fanya hivi: rudisha redio ya zamani kwa muda kwenye plagi zake kubwa, hata ikining'inia. Washa swichi bila kupiga injini, handbreki juu, weka rivasi. Chukua mita, waya mweusi wa mita kwenye bodi, gusa kile kipande cha waya kimoja kimoja. Utakaosoma 6 na kitu huo ndio umeme wa kamera, andika rangi yake. Zinazobaki utazitofautisha kwa mita ukiwa umezima kila kitu, arthi zitalia, wa picha hautalia. Ukishajua rangi za kipande hicho umejua na za upande wa pili wa pale alipokata maana ni waya ule ule.

Halafu nenda duka la vifaa vya elektroniki nunua regulita ya 7806. Ni kidude cha miguu mitatu, inaingia 12 inatoka 6. Au ile moduli ndogo ya kushusha umeme yenye skrubu ya shaba, LM2596, ila hiyo LAZIMA uiseti na mita ikiwa peke yake mezani KABLA hujaigusisha kamera, maana ikitoka kiwandani inaweza kuwa imesetiwa volti yoyote. Narudia kabla. Mimi napenda 7806 kwa sababu haina cha kuzungusha, mtoto hawezi kuiharibu. Itapata joto kidogo, ifunge kwenye kipande cha bati. Na weka fyuzi ndogo kwenye waya unaoingia, ampia 1 inatosha.

Mtaalam wa Vioo

Mnahangaika na teknolojia ya 2010 ya nini jamani. Weka AHD 1080p maliza kazi, utaona mpaka sisimizi.

Fundi Waya

Mtaalam, skrini yake ni ya ngapi? Redio nyingi hizi za inchi 9 za bei ya kawaida ni 1024 kwa 600. Unamwagia picha ya 1920 kwa 1080 kwenye kioo cha 600, ni kumwaga ndoo ya lita 20 kwenye kikombe, nyingine inamwagika. AHD ya 720p inamtosha kabisa. Na sio kila android inapokea AHD, kuna zinazosoma CVBS (ile picha ya kawaida ya waya wa njano) peke yake, ukichomeka AHD unapata kioo cheusi au mistari, unamrudishia mwenye duka kamera nzima. Kwanza aingie kwenye setingi za kiwandani za redio, inaomba namba, nyingi ni 8888 au 126 au 3368, atafute sehemu ya aina ya kamera. Kama AHD 720 imeandikwa pale basi anunue, kama haipo asinunue hata akiuziwa nusu bei.

Na kitu kingine, boksi likiandikwa CCD (aina ya sensa ya kamera) kwa elfu 25, hiyo sio CCD. Ni neno tu wamebandika.

Mtaalam wa Vioo

Sawa fundi lakini sio lazima kila kitu kiwe darasa

Konda Mstaafu

Darasa liendelee, mimi nimeshatoa daftari

Bi Mkubwa wa Tanga

Mie si fundi ila nina la kuchangia. Gari yangu ilikuwa picha imefifia kama unatazama kupitia chandarua, nikaambiwa kamera imekufa ninunue nyingine. Mwanangu mkubwa akaitazama kwa tochi, akaona ni lenzi yenyewe imepauka juu, ile ngozi yake ya nje imeanza kubanduka vipande vipande kwa jua. Akachukua dawa ya meno na pamba, akasugua taratibu kwa kuzungusha kama dakika kumi, akafuta na kitambaa chenye maji, akarudia. Picha ikarudi. Haikuwa mpya lakini ikarudi, na sasa ni mwaka wa pili. Kwa hiyo kabla ya kununua mwanangu, futa kwanza. Kuna wengine hata kufuta vumbi hawafuti.

kijana_wa_temeke

Shikamoo mama. Nimetoka nje sasa hivi na Colgate nimesugua ya kwangu, ilikuwa TOPE. Miezi minne nalaumu redio.

Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba. Ndio hivyo.

Baba wa Noah

Niulizeni mimi kuhusu maajabu. Noah yangu ukifunga mlango wa nyuma kamera inapotea, ukiufungua picha inakuja. Sasa kamera ya rivasi inayofanya kazi mlango ukiwa wazi inasaidia nini? Nimebadilisha kamera mbili.

Fundi Waya

Baba wa Noah pole, hela zako zimekwenda bure. Nenda pale juu kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, kuna mpira mweusi kama bomba la mikunjo unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango. Uvute utoke, ndani utakuta waya umekatika kwa kukunjwa kila siku, ngozi ya nje inaweza kuwa nzima kabisa lakini shaba ndani imekatika. Mlango ukifunguka ncha zinagusana, ukifunga zinaachana. Usiunge pale pale kwenye mkunjo, utarudi baada ya mwezi. Weka kipande kipya kirefu cha waya laini, maungio yawe mbali na mpira huku na huku. Ukikuta umekatika wa kamera kagua na majirani zake, wa taa ya namba na wa defoga (ya kufuta ukungu kioo cha nyuma) huwa wanafuata.

Baba wa Noah

Daaah. Taa ya namba nayo huwa inazima na kuwaka. Nilidhani balbu.

Dereva wa Mbagala

MREJESHO 1

Jumamosi nimekaa na gari kuanzia asubuhi. Nimerudisha redio ya zamani, nimepima, waya mmoja umesoma 6.2. Nikaenda dukani, 7806 nimeipata kwa bei ya soda mbili, muuzaji akaniuliza unatengeneza redio ya mbao? Nimeunga: umeme wa rivasi, fyuzi, regulita, kamera. Picha nimeungia plagi ya njano. Nimeweka rivasi… kioo cheusi. Moyo ukashuka.

Nikakaa kama nusu saa nalaumu kila mtu. Halafu nikakumbuka ile menyu, nikaingia na 8888, nikakuta fundi wa kwanza alishaiweka kwenye mfumo wa PAL kwa ajili ya ile ya kwake. Nikabadilisha NTSC, nikazima redio nikawasha.

Wakuu IPO HAI. Miaka yote miwili imening'inia pale ikiwa hai. Nimemwita mke wangu aje aone ukuta wetu, akasema "ndio ukuta wetu, kwa hiyo?"

Kitu nilichoona: hii ya mwaka 2010 usiku inaipiga ile ya elfu 40 kwa mbali. Mchana ziko karibu sawa. Nilitegemea mpya ndio ishinde.

Fundi Waya

Hongera kiongozi. Hapo ungeweza kuishia. Ila nakujua wewe hutaishia.

Mwana Diaspora

Nipo Marekani, nasoma tu nacheka. Huku kamera ya rivasi ni lazima kisheria kwa magari madogo yote mapya tangu tarehe 1 Mei 2018. Sheria yenyewe ilipitishwa 2008 na ina jina la mtoto, Cameron Gulbransen, alikuwa na miaka miwili, baba yake mwenyewe alimgonga akirudisha gari nyumbani kwao 2002. Hakumwona. Japani nao wameanza kulazimisha Mei 2022 kwa model mpya, iwe kamera, sensa au kioo cha kuonea nyuma, na kufikia Novemba 2024 zile model za zamani zinazoendelea kuuzwa nazo zikaingia. Kwa hiyo hizo gari mtakazovuta huko mbele nyingi zitakuja na kamera, na mafundi wa 12 volti watazichoma zote, labda huu uzi usambae.

Konda Mstaafu

Hiyo ya mtoto imenikata maneno. Kwangu kuna wajukuu watatu na geti moja. Fundi Waya, Raum inaweza kuwekwa?

Fundi Waya

Inawekwa mzee wangu. Njoo inbox tupange, nisije nikaonekana natangaza biashara hapa.

Mchaga wa Golf

Mimi nina VW, nimeweka ya kichina, picha inachezacheza na kukatika kila ikiwekwa rivasi. Fundi anasema ni kamera.

Fundi Waya

Gari nyingi za Ulaya umeme wa taa ya nyuma hautoki moja kwa moja, kompyuta inaukatakata haraka haraka, balbu haioni lakini kamera inaona. Weka relei (swichi inayowashwa na umeme): taa ya rivasi iamshe relei tu, kamera ipate umeme wa ACC (ule unaokuja ukigeuza swichi ya gari) kupitia relei. Relei nayo ikitetemeka weka na filta yake mbele, zinauzwa pamoja.

Dereva wa Mbagala

MREJESHO 2

Fundi Waya ulisema kweli sikuishia. Menyu ya redio yangu ina AHD 720 basi ikaanza kuniwasha. Jamaa yangu wa Kigamboni alikuwa na moja haijafungwa, kaniazima nikailaza kwa tepu pembeni ya ile ya kiwandani, nikawa nachomoa na kuchomeka, moja baada ya nyingine, mahali pale pale.

Mchana AHD imeshinda bila ubishi. Nimesoma namba ya bajaji iliyokuwa imepaki upande wa pili wa barabara, kwenye ya kiwandani naona tu ni bajaji. Rangi pia, matofali ni matofali, sio uji. Na inaona pana zaidi, hata miguu ya mtu aliyesimama pembeni ya bampa inaingia.

Saa mbili usiku mambo yakageuka. AHD inaonyesha ukuta na chini kwenye mwanga wa taa tu, nje ya hapo giza lenye chenga. Ya kiwandani picha sio kali lakini unaona mpaka mtaro. Nikawaza, sasa tatizo ni kamera au ni taa? Balbu zangu za rivasi ni zile za njano za tangu Japani. Nikanunua LED nyeupe jozi moja, nikabadilisha, nikarudia. Hapo AHD ikarudi juu, mtaro ukaonekana, na paka akiwa ndani ya mtaro.

Kwa hiyo nimeinunua ile ya jamaa elfu 70. Nimetoa ile ya kiwandani kwenye kiota chake, nikaikalisha AHD pale pale katikati badala ya kutoboa, tundu la pembeni la fundi wa kwanza nimeziba na silikoni. Waya nimepitisha ndani ya mpira kama alivyofundishwa Baba wa Noah, sio kuubana na mlango.

Kitu kilichonisumbua mwisho ni mistari, ile ya kupimia umbali kwenye picha. Kamera ina mistari yake na redio ina yake, kwa hiyo nikawa na mistari miwili miwili kama nimelewa. Kamera ina kitanzi kidogo cha waya, ukikikata mistari inaondoka, kitanzi cha pili ni cha kugeuza picha kulia kushoto, hicho usikate kama picha iko sawa. Soma karatasi yake ujue kipi ni kipi, sio ukate kwa hisia. Nikabaki na ya redio ambayo inasogezwa kwa kidole.

Nikapima na ndoo. Nimeazima ndoo ya jirani ile ile, nimeijaza maji, mwanangu anashika futi kamba, tumeiweka nusu mita kutoka kwenye bampa, nikasogeza mstari mwekundu mpaka chini ya ndoo, mita moja nikaweka wa njano, mita mbili wa kijani. Kabla ya hapo ule mwekundu ulikuwa unagusa mita moja na robo, maana yake nilikuwa nasimama mbali kwenye parking za Mlimani nawaziba watu bila sababu.

Jirani amekaa dirishani muda wote anaangalia ndoo yake.

kijana_wa_temeke

Mkuu hiyo kamera ya kiwandani sasa unaitupa? Nauliza kwa ajili ya Premio.

Dereva wa Mbagala

Siitupi. Ipo kabatini na redio yake, mke wangu kashanuna upya. Una 7806?

kijana_wa_temeke

Nanunua kesho asubuhi.

Dereva wa Mbagala

Njoo na mita, na elfu 20, tuifunge wote. Plagi nazo zinatofautiana gari na gari, hatuchomeki kitu kabla hatujapima.